Jina la mahali katika jina la chakula

Kihusishi cha a-unganifu hubeba maana zaidi ya moja kinapotangulia jina la mahali. *Mchele wa Kyela* ni mchele uliolimwa Kyela, mkoani Mbeya; *pilau ya Zanzibar* yaweza kuwa pilau iliyopikwa Nairobi kwa namna ya Wazanzibari. Katika mazungumzo muktadha huondoa utata. Katika lebo hautoshi, kwa kuwa mnunuzi hulipia jina lenyewe.

Asili na mtindo. Kiambishi *ki-* huonyesha namna, si chimbuko: *jibini ya Kifaransa* yaweza kutengenezwa popote, ilhali *jibini kutoka Ufaransa* haiwezi. Asili inapokusudiwa, *kutoka*, *iliyolimwa* au *iliyotengenezwa* ni wazi kuliko *-a*.

Majina yaliyozoeleka. *Viazi ulaya* hulimwa Njombe wala hakuna anayedanganyika. *Manga* katika *pilipili manga* ni jina la kale la nchi ya Waarabu, ingawa asili ya mmea huo ni kusini mwa India. Hapa jina la mahali limekuwa sehemu ya jina la kitu.

Kiashiria cha kijiografia. Hili ni jina linalotambulisha bidhaa ambayo ubora, sifa njema au tabia yake hutokana hasa na mahali ilikotoka. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994 huyalinda majina hayo katika ibara ya 22. Kwa divai na pombe kali, ibara ya 23 hukataza jina hata likifuatana na *aina ya* au *mtindo wa*, na hata asili ya kweli ikitajwa. Kinga hiyo ina mipaka yake: *feta* katika Umoja wa Ulaya ni jibini ya Ugiriki pekee, lakini Marekani ni jina la aina ya jibini.

Katika tafsiri. *Shampeni* ya mhusika wa riwaya anayesherehekea harusi haina kosa. Katika lebo, mkataba au hati ya forodha, jina *Champagne* libaki kwa divai ya eneo hilo la Ufaransa. Nyingine ziitwe *divai yenye mapovu*. Wazalishaji wa Afrika Kusini wana jina lao, *Cap Classique*, nalo halitafsiriwi. Mfasiri anayeandika *shampeni ya Afrika Kusini* humpa muuzaji dai ambalo muuzaji mwenyewe hakulitoa.