Kimvita si Kiswahili kibovu

KATIKA makala ya leo naazimia kujibu swali ninaloulizwa mara kwa mara na wazazi wa Mji wa Kale, Mombasa. Mtoto akishajua Kiswahili sanifu na Kiingereza, Kimvita cha nyumbani kitamfaa nini? Wengine husema waziwazi, “Prof, hicho kitamponza mtihanini.” Mimi nasema hakimponzi, na ushahidi ninao katika historia ya mtaa niliokulia, Makadara.

Sayyid Said wa Oman alipoutwaa mji wa Mombasa kutoka kwa Mazrui mwaka wa 1837, aliweka askari Ngomeni. Wengi wao walikuwa Wabulushi, watu ambao asili yao ni nchi tunazoziita leo Iran na Pakistan. Makadara ni miongoni mwa mitaa waliyoishi. Walioa, wakazaa, wakawa Wamombasa, na Kiswahili wakakijua barabara. Lakini leo wengi wa wajukuu zao hawakisemi Kibulushi. Cheo cha wakuu wao, jemadari, kimo katika kamusi zetu. Lugha ya bibi zao imewatoka. Msomaji mpenzi, Kiswahili hakikuwa na haja ya kukifukuza Kibulushi. Kichwa cha mtu si chumba cha mpangaji mmoja. Lugha hufa pale mzazi anapoacha kumsemesha mtoto.

Kimvita nacho kina historia ndefu. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka wa 1840, alitungia humo mashairi ya siasa, mapenzi na biashara. Mashairi hayo yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmishenari W.E. Taylor, hatimaye yakachapishwa kitabuni mwaka wa 1940. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka wa 1844, Kiswahili alichojifunza na kukiandikia sarufi na kamusi kilikuwa hasa cha Mombasa.

Basi ikaja 1928. Serikali za kikoloni zilikutana, tena papa hapa Mombasa, zikaamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka wa 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha. Sipingi haja ya kuwa na lugha moja ya vitabu na magazeti; safu hii yenyewe inaitegemea. Tatizo lilianza pale tofauti ilipopewa jina la kosa. Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu mmoja alinikata alama kwa kuandika “ndia” badala ya “njia”, akaniambia nimeandika kishenzi. Neno hilo nilikuwa nimelipata kwa mama yangu. Alama zilipatikana tena, lakini ilinichukua miaka kusema “ndia” mbele ya watu bila haya.

Hebu tutazame alichokiita ushenzi. Mvita husema ndia, ndaa na ndoo. Sanifu ni njia, njaa na njoo. Mvita husema mato, mtele na kutinda. Sanifu ni macho, mchele na kuchinja. Hapa pana utaratibu: “nd” ya Kimvita hukutana na “nj” ya sanifu, na “t” ya meno hukutana na “ch”. Mtoto anayesema zote mbili amepata somo la isimu bila karo. Zaidi ya hayo, sikio lake hutenganisha paa la nyumba na paa mnyama, kaa la moto na kaa wa baharini, kwa pumzi inayotoka na konsonanti ya kwanza. Maandishi yetu sanifu hayaionyeshi pumzi hiyo. Akimsoma Muyaka, halazimiki kukimbilia faharasa kila mshororo.

Wapo watakaosema lahaja humfungia mtu mtaani. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kwa sababu ya siasa kuanzia 1969 hadi 1972. Akiwa kizuizini alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki, kitabu kilichotoka mwaka wa 1973, na lugha yake ni Kimvita. Baadaye alifanya kazi BBC, London, na kufundisha Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani. Kimvita hakikumzuia kwenda popote. Alipokuwa peke yake ndani ya kuta nne, ndicho alichokuwa nacho.

Nami, baada ya miaka mingi ya kufundisha, nasomesha kwa sanifu, naandika tafiti nyingine kwa Kiingereza, na nyumbani nasema Kimvita. Kila moja ina mahali pake. Mzaha wa shangazi yangu hautafsiriki. Ukiutia katika sanifu unabaki taarifa tu.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na ilinde lugha mbalimbali za Wakenya. Ni vyema, ila serikali haiwezi kumsemesha mtoto wako mezani. Walimu, mtoto akiandika “ndia” katika insha, mwelezeni kuwa sanifu ni “njia”, na kwamba neno la kwao nalo ni neno. Wazazi, msiingoje shule. Mwiteni mtoto kwa Kimvita, na akiwajibu kwa Kiingereza, endeleeni kwa Kimvita. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa huu hakuna anayetulazimisha.