Japani ukifika utu uzima unaalikwa, Garissa unahojiwa

Wasee, niwaulize: siku mlipofikisha miaka 18 mlifanya nini? Mimi nilibeba faili. Ndani kulikuwa na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kopi za vitambulisho vya hooyo na aabo, na cha awoowe pia, maana bila babu hauaminiki. Wazee wa kamati wakaniuliza ukoo wangu, chifu wangu, babu alikuwa anachunga wapi. Nikaambiwa nirudi. Nikarudi. Mwaka ukaisha.

Juzi nikaona video za Japani. Wana sikukuu ya taifa inaitwa Seijin no Hi, siku ya kuwa mtu mzima. Ilisherehekewa mara ya kwanza Januari 15, 1949, na tangu 2000 inafanyika Jumatatu ya pili ya Januari. Mji ndio unaalika vijana. Wasichana wanavaa kimono za mikono mirefu, meya anawahutubia. Mwaka wa 2022 sheria ilishusha utu uzima kutoka miaka 20 hadi 18, lakini miji mingi bado inaalika wa 20.

Hata hapa serikali iliwahi kuita watu wa miaka 18. Novemba 1989, Wasomali wote wa Kenya kuanzia umri huo waliamriwa wajitokeze wapigwe msasa. Aliyepita alipewa kadi ya pinki, atembee nayo pamoja na kitambulisho cha kawaida. Wakenya wengine kadi moja, sisi mbili. Kuna waliokataliwa wakafukuzwa hadi Somalia. Awoowe alipita, na kadi yake bado iko kwa sanduku. Haitupi, eti huwezi jua.

Kadi ya pinki iliisha lakini msasa ukabaki. Halafu kambi za Dadaab zilipofunguliwa 1991, kuna Wakenya waliojiandikisha kama wakimbizi kwa sababu ya njaa. Watoto wao walipofika 18, alama za vidole zikasema ni wakimbizi. Chakula cha utotoni kikawanyima uraia ukubwani.

Bila kitambulisho hupati laini kwa jina lako, hufungui M-Pesa, hupigi kura, na kila kizuizi barabarani ni dua. Mimi chuo nilipata, lakini mkopo wa karo ulitaka kitambulisho. Muhula wa pili nikarudi nyumbani. Sitadanganya, uzembe wangu pia ulikuwepo. Lakini wenzangu wazembe wa kaunti zingine walimaliza.

Februari 2025, Rais Ruto alikuja Kaskazini Mashariki akatangaza mwisho wa msasa huo. Nilifurahi, kusema ukweli. Ila tangazo halifuti ile tabia ya kumwangalia kijana wa hapa kama mgeni mpaka athibitishe.

Ndio maana naona tuige Japani kidogo. Vitambulisho vikija, visigawanywe dirishani kama msaada. Chifu awaite vijana, wazazi waje, kuwe na maziwa ya ngamia na tende, kila mmoja aitwe jina lake lote hadi la babu. Safari hii jina la babu lisomwe kwa heshima, si kwa kuhojiwa. Na wale wazee wa kadi ya pinki wakae mbele watusimulie, kwa sababu hadithi hii shuleni sikufundishwa.

Wewe chako kilichukua muda gani? Mimi nilingoja miezi kumi na tisa.