Ajali: neno lililopoteza siku yake

Mwarabu akigongana kwa gari na mwenzake barabarani hasemi amepata ajali. Husema kumetokea hadithi, au tuseme *haadith* kwa irabu ndefu, neno lenye mzizi mmoja na hadithi zetu za paukwa pakawa. Kwake *ajal* ni jambo zito zaidi: ni muda uliowekwa, na hasa ule mwisho wa umri ambao Mungu amekwisha kuuandika. Mzizi huohuo umezaa *muajjal*, ile sehemu ya mahari inayocheleweshwa mpaka wakati wake ufike. Ni neno la deni na kalenda.

Waislamu walilisambaza mbali. Mturuki husema *ecel*, Mmalay husema *ajal*, na wote wawili wanazungumzia saa ya kufa. Pwani yetu ililipokea kwa maana hiyo, na kamusi zilizotungwa zama za ukoloni bado zinalifasiri kuwa ni majaliwa na kifo. (Majaliwa yenyewe yanatokana na kujaalia, mzizi mwingine kabisa, ingawa masikio hudanganyika.) Kwa hiyo anayefia kitandani akiwa na miaka tisini, wajukuu wamemzunguka, naye amefikwa na ajali yake. Hakuna cha ghafla hapo. Ukitazama kwa jicho hilo, "ajali haina kinga" ni methali isiyo na ubishi: siku ikifika imefika.

Neno liligeukaje basi, likawa tukio lisilotarajiwa? Nadhani njia ilipitia kwenye vifo vya ghafla, kwa sababu hapo ndipo watu huikumbuka kalamu ya Mungu kwa sauti. Mtu akianguka mnazini, jirani atasema ajali imemfika. Rudia hivyo mara nyingi, na neno linahama kutoka kwenye siku hadi kwenye kuanguka kwenyewe. Kisha vikaja vyombo vya moto. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na wafanyakazi wapatao 2,500 kutoka India walikufa njiani, wengi wao kwa maradhi. Baada ya garimoshi yakaja malori na mabasi, na pamoja nayo polisi, bima na fidia. Ofisi hizo zilihitaji jina la mgongano hata kama hakuna aliyekufa. Leo mtu hupata ajali akatoka na mchubuko, jambo ambalo kwa maana ya kale lisingeeleweka.

Methali, hata hivyo, haikuhama na neno. Ilibaki palepale, ikawa kinga ya dereva mwenye breki mbovu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa walizidi 800. Waliofiwa walisema ajali, na waliochunguza walisema ajali, lakini hawakusema kitu kimoja. Sarufi inaonyesha tofauti. Mtu *hufikwa* na ajali, kama zamani. Na mtu *husababisha* ajali, kama inavyoandikwa kwenye hati za mashtaka. Kitenzi hicho cha pili kingemshangaza shehe wa Lamu wa karne ya 19, maana ajali aliyoijua yeye ilikuwa na mwandishi mmoja tu, na hakuwa nahodha.