Rumonge: waliokuja, waliokimbia, waliorudi

Aprili 1858 Richard Burton na John Hanning Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi kwenda Uvira, wakaambaa na mwambao wa Burundi katika Ziwa Tanganyika kabla ya kuvuka upande wa Kongo. Mwaka 1863 Speke alitoa kitabu chake kuhusu chanzo cha Nile, na humo akaweka dhana iliyokuja kutuumiza: kwamba Wahima na watawala wa nchi za maziwa si watu wa hapa, bali wageni waliotoka Ethiopia, wazao wa wana wa Nuhu. Wamisionari na maofisa wa kikoloni waliipokea, wakaipanua iwahusu na Watutsi, wakaifundisha shuleni. Leo wapo wanaosema Watutsi ni uzao wa Israeli ya kale. Kati yao inayotajwa zaidi ni Taasisi ya Havila ya Brussels, yenye jina la mmoja wa wana wa Kushi katika Mwanzo 10.

Naheshimu kiu ya mtu kutaka kujua alikotoka. Lakini ushahidi haupo. Mtutsi na Mhutu wa Burundi wanasema Kirundi kimoja, walimwomba Mungu mmoja, Imana, na kumtii mfalme mmoja, mwami. Tena dhana hii imemwaga damu. Novemba 1992, huko Kabaya nchini Rwanda, Léon Mugesera alitishia jukwaani kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Aliyekwisha kuitwa mgeni kwenye makaburi ya babu zake, nani atamtetea?

Waliokuja Rumonge, mji wa mwambao huo, tunawajua bila kufungua orodha ya wana wa Nuhu. Walikuja wafanyabiashara wa Ujiji na watu wa Manyema, na Uislamu na Kiswahili chao, wakinunua pembe, na watumwa pia, jambo ambalo historia ya kweli hailiruki. Mmoja wao, Rumaliza, yaani Mohammed bin Khalfan, alitaka kuitia Burundi mkononi, majeshi ya mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Mapadre Weupe walifika 1879. Tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni yao, Deniaud, Augier na D'Hoop, waliuawa hapo Rumonge, na misheni ikaondoka. Wakaja Wabembe kutoka ng'ambo ya ziwa, wakaja watu wa milimani walioifuata ardhi tambarare ya Imbo inayokubali michikichi. Mji ukakua kwa mawese na ndagala.

Halafu ukaja mwaka 1972, ambao Warundi wanauita Ikiza. Tarehe 29 Aprili waasi waliushambulia mwambao, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi waliowakuta. Jeshi la Rais Micombero likajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, walimu, wanafunzi, makarani, kwa miezi kadhaa. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Waliopona mwambaoni walikimbilia Kongo na Tanzania, wengine kwa mitumbwi usiku.

Hapa ndipo historia ya Wayahudi inapotuhusu, kwa yaliyowapata wala si kwa nasaba. Mwaka 586 K.K. Nebukadneza aliivunja Yerusalemu na kuwahamishia watu wake Babeli. Waliotangulia kuhamishwa Yeremia alikuwa amekwisha kuwaandikia wajenge nyumba, wapande bustani, waozeshe watoto wao huko huko. Watu wa Rumonge walifanya hivyo katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, Tanzania: walikabidhiwa msitu wa miyombo, wakaufyeka, na baada ya miaka michache wakajilisha wenyewe. Mfalme Koreshi alipowaruhusu Wayahudi kurudi, mwaka 538 K.K., walikuta nchi ina wenyeji wengine, na kitabu cha Ezra kimejaa ugomvi wa waliorudi na waliokuwapo.

Nako nyumbani Rumonge mashamba ya waliokimbia yalikuwa yamegawiwa watu wengine, mengine yakaingizwa katika miradi ya michikichi. Mkataba wa Arusha wa 2000 uliahidi kuwarudishia haki yao. Walipoanza kurudi kwa wingi mwaka 2008, wengi waliozaliwa Tanzania hawakujua Kifaransa, na Kirundi chao kilichekwa. Sokoni Rumonge, angalau, Kiswahili chao kilitosha. Ila shamba la baba lilikuwa na mtu aliyelilima kwa miaka thelathini na zaidi, aliyezika wazazi wake hapo, na pengine alilinunua kwa fedha halali. Siwezi kumwita mwizi. Wala siwezi kumwambia aliyekimbia risasi kwamba sheria ya ukomo wa muda imemnyang'anya urithi.

Tume ya ardhi iliyoundwa 2006 ilipenda kwanza kuzigawia pande mbili nusu kwa nusu. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, ikaelekea kumrudishia aliyekimbia shamba zima, na hasira zikapanda upande wa pili. Mimi naona kugawana kulikuwa na busara zaidi, mradi serikali, iliyogawa mali ya watu, imlipe kila mmoja nusu aliyoikosa. Malipo hayo ndiyo yaliyokosekana.

Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi, na mwaka huo huo Tanzania ikawapa uraia watu wapatao 162,000 wa makazi yale matatu waliochagua kubaki. Babeli nako wengi walikataa kurudi. Karne nyingi baadaye wazao wao ndio waliokusanya Talmudi ya Babeli, ambayo Wayahudi wa dunia nzima wanaisoma hadi leo.