Mbao za Ituri na Kivu: toka pori mpaka Kampala, nani anapata nini?

Kando ya barabara ya kitaifa namba 4, kati ya Mambasa, Komanda na Beni, kamiyo zenye kujaa mbao zinaelekea mashariki. Nyingine zinapita Bunia na kuvukia Mahagi ao Aru. Nyingine zinapita Beni na kuvukia Kasindi. Ng'ambo ni Uganda. Kule mbao zinashushwa Kampala, kwa soko la Ndeeba, ao zinaendelea kupitia Malaba mpaka Nairobi. Lakini mwenye kuuza mti kijijini, mara nyingi hajui mti wake ulitoa mbao ngapi. Makala hii inaeleza namna biashara hii inatembea, na kile mkaaji anapashwa kujua kabla ya kukubali bei.

Miti gani inatafutwa?

Wafanyabiashara wanatafuta mbao ngumu, ile yenye haiozi haraka na yenye wadudu hawaishindi: libuyu (jina lenye wanalipa miti ya jamaa ya sapeli), mvule wenye wengine wanaita iroko, pia akaju. Upande wa Tshopo kuko pia afromosia. Ni miti ya kukua polepole. Ule wenye unaangushwa kwa siku moja, babu zetu waliukuta tayari umesimama.

Juu ya nini majirani wanakuja kwetu?

Mwaka 1990, pori lilifunika karibu robo ya ardhi ya Uganda. Tangu hapo limepungua karibu nusu. Kenya nayo inapanda sana sipresi na paini, lakini hizo ni mbao laini. Tena, Februari 2018, serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika mapori ya umma, na katazo hilo lilidumu mpaka 2023. Lakini watu hawakuacha kujenga. Wanahitaji milango, vitanda na madirisha, na mbao ngumu ya karibu ni ya Kongo.

Pesa inatembea namna gani?

Mara nyingi kazi inaanza na mkopo. Mfanyabiashara wa mjini anatoa pesa ya mafuta, ya mnyororo wa tronsonezi na ya chakula. Mkataji anaingia porini akiwa tayari na deni, kwa hiyo hana nguvu ya kubishana bei. Mti unapasuliwa palepale, na sehemu kubwa inabaki chini kama taka. Vijana wanabeba mbao kwa kichwa ao kwa mgongo mpaka barabarani, wakilipwa kwa kila mbao. Kisha kunakuja dereva, bariere, ofisi za Serikali na dwane. Na kwenye njia zenye makundi yenye silaha, hao nao wanadai yao.

Kila mmoja anaongeza gharama yake juu ya bei, na muuzaji wa mwisho anairudisha kwa mnunuzi. Mwenye kuuza mti, yeye alishalipwa mara moja, bei ya mti mzima, mbele tronsonezi haijawaka.

Hesabu ya mti mmoja

Chukua madriye moja ya urefu wa metre 4, upana wa sentimetre 30 na unene wa sentimetre 5. Zidisha: 4 mara 0,30 mara 0,05. Unapata 0,06 ya metre kibe. Ni kusema metre kibe moja ni madriye kama 17. Mti mkubwa wenye kutoa metre kibe 5 za mbao, unatoa madriye 83.

Sasa uliza bei ya madriye moja kwa depo ya karibu. Zidisha mara 83, kisha linganisha na pesa yenye walikupatia juu ya mti mzima. Ni kweli, kazi ya kukata na kubeba inapashwa kulipwa. Lakini bila hesabu hii, unauza kwa macho tu.

Sheria inasema nini?

Sheria ya mapori ni ya tarehe 29 Agosti 2002. Inasema pori ni mali ya Serikali, lakini inatambua haki za wenyeji za kutumia pori kwa kufuata desturi zao. Permi ya kukata kwa mkono ao kwa tronsonezi inatolewa na gavana wa jimbo, kwa raia wa Kongo tu. Haipite hekta 50, na ni ya mwaka mmoja. Mgeni anaweza kununua mbao, lakini permi hiyo haiwezi kuwa yake. Barua ya chifu peke yake si permi.

Ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, na ndani ya Hifadhi ya Virunga, kukata mbao za biashara kunakatazwa. Afromosia iko chini ya mkataba wa CITES tangu 1992, na akaju ya Afrika iliingia Februari 2023. Kuzivusha mpaka kunaomba kibali cha pekee.

Wengine wanasema: «Tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, mbao zipite tu.» Si vile. Kuingia Jumuiya hakufuti permi ya kukata wala kibali cha CITES.

Deni la zamani

Biashara hii iko na historia ya vita. Mwaka 2001, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika namna mbao za mashariki zilitoka wakati majeshi ya kigeni yalikuwa hapa. Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu Uganda ilipe Kongo dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 60 ni juu ya mali asili, na mbao zilihesabiwa ndani.

Kabla ya kuuza

Uliza kuona permi: jina, mahali na mwaka. Pima mti pamoja na mtu mwenye kujua kazi, kisha patana kwa metre kibe ao kwa madriye, si kwa mti mzima. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi, na jamaa yote ijue pesa ni ngapi. Hesabu mbao mbele hazijapakiwa.

Kuko pia njia ingine. Tangu amri ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii ya wenyeji inaweza kuomba pori lake litambuliwe kuwa lake, mpaka hekta 50 000, bila malipo na bila mwisho wa muda. Kazi ya kutayarisha dosie ni ndefu. Lakini kijiji chenye karatasi hiyo, mnunuzi akifika, kinaongea naye juu ya pori lote na miaka yenye inakuja, hakisukumwe kuuza mti mmoja juu ya pesa ya shule ya mwezi huu.