Aleluya Ilipoimbwa Plotini: Kwaya Yetu Wakati wa Korona



Anayefungua daftari la mahudhurio la kwaya yetu atakuta kurasa tupu baada ya Machi 2020. Kamati ya jubilei ilipokuwa ikipanga historia hii, wapo waliopendekeza kipindi hicho kirukwe, kwa kuwa kwaya haikuimba. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika tulikataa. Kwaya iliimba, ila haikuimbia kanisani.

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa Ijumaa, 13 Machi 2020. Jumapili ya 22 Machi ibada za kukusanyika zikasimamishwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na 6 Aprili Nairobi ikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Tulikuwa katikati ya Kwaresima. Aleluya tulikuwa tumeiaga kabla ya Jumatano ya Majivu, 26 Februari, kama kila mwaka, tukijua tutaipokea tena kwenye mkesha wa Pasaka. Nyimbo za mkesha zilikuwa zimefundishwa nusu, na sauti ya tatu bado ilikuwa inasumbua (wanajijua wenyewe).

Kutoka Roma iliagizwa kwamba adhimisho la Pasaka lifanyike bila waumini, na kuosha miguu siku ya Alhamisi Kuu kuachwe. Jioni ya 27 Machi Papa Fransisko aliomba katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Ni huyo huyo aliyefika Kangemi, majirani wa Kawangware, Novemba 2015, akiwa katikati ya umati.

Tusidanganyane kwamba shida yetu kubwa wakati huo ilikuwa kukosa Misa. Waimbaji wetu, wa Kibera na wa Kawangware, wengi ni watu wa vibarua: watu wa mjengo, wauza mboga na mitumba, mama fua. Akina mama wa Kawangware waliozoea kutembea asubuhi hadi Lavington kutafuta nguo za kufua walikuta mageti yamefungwa. Waliogopwa kwamba wangeleta ugonjwa. Tuliambiwa tukae mbalimbali, na chumba ni futi kumi kwa kumi, watu sita ndani. Tuliambiwa tunawe mikono kila mara, na maji ni ya kununua kwa mtungi. Ijumaa Kuu, 10 Aprili, watu walikanyagana Kibera wakigombea chakula cha msaada, mabomu ya machozi yakarushwa, wengi wakaumia. Njia ya Msalaba ya mwaka huo tuliipitia hivyo.

Kilichotushika ni jumuiya. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA walikutana hapa Nairobi wakaamua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi ya kichungaji. Miaka mingi wengine wetu tulizichukulia kama mahali pa kusoma Injili na kulipa michango. Mwaka 2020 hata jumuiya hazikuweza kukutana, lakini mwenyekiti wa jumuiya alijua ni mlango upi ambao moto haujawashwa tangu jana. Orodha za simu zilizotengenezwa kwa ajili ya michango zikatumika kugawa unga na sabuni. Misa ilisikilizwa redioni, kupitia Radio Waumini. Waliokuwa na bando waliitazama kwenye simu. Mwenye redio aliiweka mlangoni, ploti nzima ikasikiliza.

Usiku wa mkesha, 11 Aprili, tulikubaliana kila mtu aimbe Aleluya mlangoni pake saa mbili. Mwalimu alikuwa ametuma kila sauti kwa WhatsApp. Laini Saba waliimba vizuri kuliko tulivyotarajia. Katika ploti moja ya Gatina walikuwepo wawili wa sauti ya kwanza na mmoja wa sauti ya nne, katikati hakuna mtu, mpaka jirani wa kanisa lingine alipoingia na sauti aliyoibuni mwenyewe. Sauti hiyo tumeihifadhi. Itasikika leo kwenye Aleluya ya jubilei.

Mazishi ndiyo yaliyotuumiza. Kwaya hii haijawahi kumwacha mwimbaji azikwe kimya. Tulikodi matatu hata tukafika ushago. Sasa mazishi yaliruhusiwa watu 15, na familia peke yake ilipita idadi hiyo. Mwenzetu wa sauti ya nne alizikwa mwezi Mei. Ugonjwa wake haukuwa korona, lakini amri haikubagua. Tulimwimbia kwa simu iliyowekwa juu ya jeneza, na mtandao ukakatika kwenye ubeti wa pili.

Makanisa yalifunguliwa Julai 2020: watu 100 na saa moja tu, bila walio chini ya miaka 13 wala waliozidi 58. Wazee waanzilishi wa kwaya walibaki nje ya kanisa walilolisaidia kujengwa. Kuimba kwenyewe kuliogopwa, na si bure. Huko Washington, Marekani, kwaya moja ya watu 61 ilifanya mazoezi Machi 2020. 53 waliugua na wawili wakafa. Tukaimba wanane, barakoa usoni, wawili kila sauti. Krismasi ya 2020 Misa ya mkesha ilibidi imalizike mapema kwa sababu ya kafyu ya saa nne. Halafu 26 Machi 2021, siku mbili kabla ya Matawi, ibada zikafungwa tena Nairobi na kaunti nyingine nne. Pasaka ya pili plotini. Safari hii hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021. Wengine hawakurudi: waliohamia ushago kodi ilipowashinda, na waliotangulia mbele za haki. Orodha ya waimbaji iliyo nyuma ya kitabu hiki tumeiandika kwa kufuata daftari la Machi 2020, kisha tukaongeza waliojiunga baadaye. Wa sauti ya nne yupo, mstari wake ule ule.