Asili ya "Himself" na "Myself" katika Kiingereza

Viwakilishi vya kujirejea, yaani maneno yanayoonyesha kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja, havikuwapo katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyozungumzwa Uingereza tangu karne ya 5 hadi takribani mwanzoni mwa karne ya 12. Mwandishi wa enzi hizo aliyetaka kueleza kwamba mtu alijiua alitumia kiwakilishi cha kawaida, hivyo sentensi "he ofsloh hine" iliweza kumaanisha kwamba alijiua au kwamba alimuua mwingine, na msomaji akaachiwa muktadha umwamulie.

Neno "self" lilikuwapo, lakini kazi yake ilikuwa kusisitiza, kama lilivyo "mwenyewe" katika Kiswahili. Kwa kuwa kitenzi kama kuua humfanya msomaji atarajie mtu wa pili, waandishi, akiwamo mtawa Ælfric wa mwishoni mwa karne ya 10, waliongeza "self" palipokuwa na hatari ya kueleweka vibaya. Mazoea hayo yalienea polepole hadi yakawa kanuni, ingawa Biblia ya Mfalme James ya 1611 bado hutumia viwakilishi vya kawaida mahali pengi. Hapa ndipo ulipo mzizi wa ugumu unaompata Mswahili anayejifunza Kiingereza: lugha yake huweka "-ji-" ndani ya kitenzi kwa ajili ya kujirejea na kuacha msisitizo kwa "mwenyewe", hata "alijikata" isichanganyike na "alikata mwenyewe", ilhali Kiingereza kimelibebesha neno moja kazi zote mbili, "he cut himself" na "he cut it himself".

Fumbo kubwa zaidi limo katika maumbo yenyewe, kwani husemwa "myself" kwa kiwakilishi cha kumiliki, lakini "himself" kwa umbo la yambwa, yaani la mtendwa. Katika Kiingereza cha Kati, "me self" lilidhoofika kimatamshi likasikika kama "my self", na kwa upande wa mwanamke umbo "hire" lilikuwa la yambwa na la kumiliki kwa pamoja; kwa hiyo "self" ikaanza kuchukuliwa kuwa nomino inayomilikiwa. Nafsi ya kwanza na ya pili zikafuata mkondo huo, "him" na "them" zikabaki zilivyokuwa. Robert Lowth, kasisi aliyechapisha kitabu cha sarufi mwaka 1762, alidai kwamba "himself" na "themselves" zinapokuwa kiima ni upotoshaji wa "his self" na "their selves". Hoja hiyo ina mantiki, lakini historia haiiungi mkono, kwa sababu "him self" ndilo umbo kongwe. Wazungumzaji wa lahaja wasemao "hisself" na "theirselves" hawastahili kudharauliwa, maana wamekamilisha ulinganifu ambao Kiingereza sanifu kiliuachia njiani.

"Self" ilipokwisha kuwa nomino, ilipata wingi wake, na katika karne ya 16 "themselves" ikaisukuma kando "themself" iliyotangulia. Kutokana na badiliko hilo, tofauti ya umoja na wingi iliyopotea katika "you" ingali hai katika "yourself" na "yourselves". "Themself" nayo imerejea katika maandishi tangu mwishoni mwa karne ya 20, kwa mtu mmoja ambaye jinsia yake haitajwi.